Wachoraji Katika Shule za New York

  Somo letu la historia leo halina vita wala wafalme. Ni habari ya mji mmoja mkubwa uliokosa fedha, ukawaondoa waalimu wa kuchora katika shule zake, na habari ya shirika lililoanzishwa ili kuliziba pengo hilo. Mji huo ni New York, nchini Marekani. Shirika lenyewe laitwa Studio in a School. Mwalimu wa darasa tafadhali aliandike jina hilo ubaoni. Studio ni chumba ambamo msanii hufanya kazi yake ya kuchora, kuchonga au kufinyanga. Basi maana ya jina hili ni chumba cha msanii ndani ya shule.

Labda mmoja wenu anasema moyoni, "Mimi nimekuja hapa kujifunza kusoma na kuandika. Michoro ya watoto wa New York yanihusu nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Swali lililowakabili watu wa mji ule humkabili kila mzazi na kila kamati ya shule: fedha zikipungua, ni somo gani liondolewe kwanza? Tena, likiisha kuondolewa, ni nani mwenye wajibu wa kulirudisha?

Yatupasa kuanza nyuma kidogo, katika miaka ya 1930. Wakati ule biashara ya Marekani ilikuwa imeanguka, na mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Rais Franklin Roosevelt aliamua kwamba serikali iwape watu kazi badala ya kuwagawia chakula tu. Wengine walijenga barabara, wengine walipanda miti. Wasanii nao walikuwa na njaa kama wengine, na mwaka 1935 serikali ikaanzisha mpango wa kuwalipa mshahara kwa kazi ya sanaa. Baadhi yao walichora picha katika kuta za mahospitali. Baadhi walipewa kazi ya kuwafundisha watoto na watu wazima.

Huko Harlem, mtaa wa New York waliokaa watu weusi wengi, palifunguliwa mwaka 1937 kituo kikubwa cha sanaa. Mkuu wake wa kwanza alikuwa mchongaji hodari, Bibi Augusta Savage. Katika mtaa huo huo aliishi kijana aitwaye Jacob Lawrence, aliyezaliwa mwaka 1917. Mama yake alikuwa mtu wa kufanya kazi kutwa, naye alitaka mwanawe awe mahali pa salama baada ya saa za shule. Basi akampeleka katika nyumba ya watoto ambako mchoraji Charles Alston alikuwa akifundisha. Kijana akapewa rangi na karatasi, akaanza. Alipokuwa na umri wa miaka 23 tu alikuwa akichora mfululizo wa picha 60 juu ya safari ya watu weusi waliotoka kusini mwa Marekani kwenda miji ya kaskazini. Picha hizo zimo leo katika majumba mawili makubwa ya sanaa ya nchi ile, nusu huku na nusu kule.

Mpango wa serikali ulifungwa mwaka 1943, wakati wa vita. Lakini jambo moja lilikuwa limeonekana wazi. Msanii aliye kazini, akilipwa mshahara wake na kukaa na watoto siku baada ya siku, aweza kumfungulia mtoto wa maskini mlango ambao hakuna aliyejua kwamba upo. Likumbukeni jambo hili, maana litarudi.

Sasa turuke mpaka miaka ya 1970. Mji wa New York ulikuwa na watu karibu milioni 8, na shule zake za serikali zilikuwa na watoto zaidi ya milioni 1. Shule nyingi zilikuwa na waalimu wa kuchora na waalimu wa muziki. Walakini, chini ya mambo haya mazuri palikuwa na shimo. Mji ulikuwa ukitumia fedha nyingi kuliko ulizopata.

Mfikirieni mtu ambaye mshahara wake haumfikishi mwisho wa mwezi. Huenda dukani akakopa unga, mafuta na sabuni, akiahidi kulipa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika hulipa, lakini mkononi hubaki na senti chache, hivyo tarehe 2 yuko dukani tena anakopa. Mwenye duka akivumilia, mambo huenda. Siku mwenye duka akisema, "Sikukopeshi tena," nyumba nzima hulala njaa siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyokuwa New York. Kufikia mwaka 1975 mji ulikuwa na madeni ya muda mfupi yapatayo dola bilioni 6, na mabenki yakakataa kuukopesha zaidi. Jambo la ajabu ni kwamba Meya wa mji wakati ule, Bwana Abraham Beame, alikuwa mtu wa mahesabu, na ujanani alifundisha elimu ya kuweka hesabu katika shule za mji huo huo.

Dawa ya deni ni kulipa, nasi twajua dawa hii huwa chungu. Mwezi wa Julai 1975 maelfu ya askari polisi, wazimamoto na wafagiaji waliachishwa kazi. Takataka zikalundikana mitaani. Mwezi wa Septemba shule zilipofunguliwa, maelfu ya waalimu hawakuwemo, na madarasa yalijaa watoto kupita kiasi. Waalimu waliobaki wakagoma kwa siku 5 za shule. Tarehe 17 Oktoba mji ulikuwa umebakiwa na saa chache tu kabla ya kushindwa kabisa kulipa. Ulinusurika kwa sababu chama cha waalimu kilikubali kutoa dola milioni 150 katika akiba ya uzeeni ya waalimu ili kununua hati za deni za mji. Angalieni hapo: walioachishwa kazi ni waalimu, na waliouokoa mji ni waalimu.

Basi somo gani liliondolewa? Hesabu haikuondolewa, wala kusoma. Waliotangulia kutoka ni waalimu walioajiriwa mwisho, na pamoja nao waalimu wa kuchora na wa muziki, na watunzaji wa maktaba. Katika shule nyingi za watoto wadogo chumba cha kuchorea kilifanywa darasa la kawaida au stoo. Mtoto aliyeanza shule mwaka ule aliweza kumaliza miaka yake 6 asishike brashi hata mara moja. Watoto wa matajiri hawakupungukiwa na kitu, maana wazazi wao waliwalipia masomo mahali pengine. Mzigo uliwaangukia wale wale ambao shule ndiyo iliyokuwa nafasi yao ya pekee.

Hapo ndipo anapoingia Bibi Agnes Gund. Alizaliwa mwaka 1938 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mkuu wa benki, hivyo tusidhani kwamba huyu alikuwa mtu wa shida. Alikuwa tajiri, na alipenda kununua picha za wachoraji wa siku zake. Alikuwa katika baraza la wadhamini wa Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, na baadaye, mwaka 1991, akawa rais wake. Aliposoma gazetini kwamba shule za mji zinaondoa masomo ya sanaa, jambo hilo lilimsumbua. Mwaka 1977 alianzisha shirika la Studio in a School. Ni shirika lisilotafuta faida, yaani halina wenyewe wa kugawana pato lake. Kila linachopata hurudi katika kazi. Lilianza na shule 3 tu.

Watu wengi wenye mali, wakiona shule haina kitu, hununua vitu wakavipeleka. Huleta sanduku la rangi, hupigwa picha na mwalimu mkuu, na kurudi kwao. Baada ya miezi mitatu rangi zimekauka na mabrashi yamekuwa mifagio. Mimi katika kazi yangu nimeona masanduku ya namna hiyo zaidi ya moja, yamefungwa kabatini, na ufunguo hajulikani alipo mwenye nao. Shirika hili halikwenda kwa njia hiyo. Lilipeleka watu. Lilitafuta wachoraji na wachongaji ambao sanaa ndiyo kazi yao, likawalipa mshahara, likawapeleka shuleni wakafundishe wiki kwa wiki, mwaka mzima, na katika shule nyingine miaka kadhaa mfululizo. Lilitaka shule itoe chumba, au walau pembe ya chumba, iwe mahali pa kazi. Shule yenyewe nayo huchangia sehemu ya gharama. Tena mwalimu wa darasa hufanya kazi pamoja na msanii, ili naye ajifunze, na kazi isife siku msanii akiwa hayupo.

Sasa tuingie ndani ya chumba. Somo la namna hii kwa kawaida huenda hivi. Meza zimetandikwa magazeti ya zamani. Watoto wa miaka 6 au 7 wamevaa mashati makuukuu juu ya nguo zao. Kila mtoto ana karatasi kubwa, brashi, kikopo cha maji, kitambaa, na rangi 5 tu: nyekundu, manjano, buluu, nyeupe na nyeusi. Mtoto mmoja anataka kuchora mti. Anaita, "Mwalimu, sina kijani!" Mwalimu asiyejua kazi atamletea kijani. Msanii humwuliza, "Unadhani kijani kimejificha wapi?" Mtoto hujaribu nyekundu na buluu, akapata zambarau. Hujaribu nyekundu na manjano, akapata rangi ya chungwa. Kisha huchanganya buluu na manjano, akapiga kelele, maana kijani kimemtokea mkononi mwake. Akiongeza nyeupe apata kijani cha jani changa. Akiongeza nyeusi kidogo apata kijani cha msitu. Siku ile hatakubali tena kwamba kijani ni kimoja.

Kazi ikiisha, picha hubandikwa ukutani, na watoto huulizwa maswali. Unaona nini hapa? Jicho lako limekwenda wapi kwanza? Kwa nini mwenzako ameifanya nyumba ndogo na mtu mkubwa? Hakuna kicheko cha kumdharau mwenzio. Mtoto hujifunza kutazama, kuamua, kusema sababu yake, na kuirudia kazi isipompendeza. Wiki nyingine watoto hutumia udongo wa mfinyanzi, au hukata na kubandika makaratasi, au huchonga umbo na kulipigia chapa kwa wino.

Ninyi wenyewe mwaijua njia hii. Siku yenu ya kwanza darasani hamkuandika majina yenu. Mlichora vijiti na viduara, mstari baada ya mstari, mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Herufi ni michoro. Mtu aliyeshika brashi utotoni hushika kalamu bila hofu.

Wako wasemao kwamba somo la kuchora ni jema kwa sababu huongeza alama za mtoto katika hesabu. Huenda ikawa hivyo kwa wengine. Mimi sipendi kulitetea somo kwa njia hiyo. Hakuna atakaye hesabu itetewe kwa kusema kwamba inasaidia kuchora. Kuchora ni elimu ya jicho na mkono, na ina thamani yake yenyewe. Ukiifanya mtumishi wa somo jingine, siku alama zisipopanda utakuwa umempa mwenye fedha sababu ya kuiondoa tena.

Miaka ikapita. Kutoka shule 3 shirika lilienea katika sehemu zote 5 za mji, yaani Manhattan, Brooklyn, Queens, Bronx na Staten Island, na kuingia katika mamia ya shule. Watoto waliofikiwa wahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Baadaye, kwa tawi lake liitwalo Studio Institute, lilianza kazi katika miji mingine ya Marekani. Hayo ni maendeleo makubwa.

Lakini sasa chukueni kalamu tupige hesabu ndogo. Mji una watoto kama milioni 1 wa shule za serikali kwa mwaka mmoja. Shirika la hisani, hata likiwa na matajiri wote nyuma yake, kwa mwaka haliwezi kuwafikia ila sehemu yao. Mtoto ambaye shule yake imechaguliwa hupata. Mtoto wa ng'ambo ya barabara hapati. Kwa nini huyu apate na yule asipate? Hakuna jibu la haki. Wala watu wa shirika hawakusema kwamba wao watachukua mahali pa serikali. Liko pia jambo la hatari, nalo hutokea duniani pote: mwenye wajibu akiona mtu mwingine amebeba mzigo wake, huweza kukaa kitako.

Iliuchukua mji miaka zaidi ya 20 kuanza kurudi katika wajibu wake. Mwaka 1996 tajiri mwingine, Bwana Walter Annenberg, kupitia mfuko wake, alitoa dola milioni 12 kwa ajili ya sanaa katika shule za New York, kwa sharti kwamba na wengine watoe. Mwaka uliofuata, 1997, serikali ya mji ilitenga fedha zisizoruhusiwa kutumiwa ila kwa masomo ya sanaa. Mwaka 2004 Idara ya Elimu ya mji ilitoa kitabu cha mwongozo, kinachoeleza ni mambo gani mtoto ajifunze katika kuchora, muziki, ngoma na maigizo, tangu mdogo hata amalize shule. Huu ulikuwa ushindi mkubwa kuliko sanduku lo lote la rangi, maana jambo lililoandikwa katika mwongozo wa serikali mzazi aweza kulidai.

Kisha mji ukarudi nyuma. Mwaka 2007 ile amri ya kuzifunga fedha za sanaa iliondolewa, na waalimu wakuu wakaruhusiwa kuzitumia kwa mambo mengine. Siku hizo shule zilikuwa zikipimwa kwa mitihani ya kusoma na hesabu, na mwalimu mkuu aliyeogopa shule yake kufungwa alijua fedha azipeleke wapi. Simlaumu sana. Mwaka 2014 mkaguzi wa fedha za mji alichunguza, akaona kwamba karibu shule 1 katika kila shule 5 haikuwa na mwalimu wa sanaa mwenye cheti, wa kutwa wala wa nusu siku. Nyingi za shule hizo zilikuwa katika mitaa ya maskini, hasa kusini mwa Bronx na katikati ya Brooklyn. Mwaka huo huo mji uliongeza dola milioni 23 kwa masomo ya sanaa, na waalimu wapya wakaajiriwa.

Mwaona basi mwendo wa jambo hili. Kuondoa waalimu kulichukua majira moja ya joto. Kuwarudisha kumechukua karibu miaka 40, na kazi haijakwisha. Sababu yake si fedha peke yake. Chumba cha kuchorea kikiisha kufanywa stoo, na mwalimu wake akatafuta kazi nyingine, kizazi kizima hukua bila kuona jambo lile shuleni. Watoto wale wakiwa wazazi, hawaliulizi, maana mtu hadai asichokijua. Naona mimi kwamba hapa ndipo Studio in a School lilipofanya kazi yake kubwa zaidi. Katika miaka ile mibaya lilihifadhi mfano. Palikuwa na shule kadhaa ambazo mzazi aliweza kuingia, akaona kwa macho yake somo la kuchora lilivyo, akarudi kwa wenziwe akasema, "Kwa nini shule yetu haina?"

Bibi Gund aliendelea kulisaidia shirika lake mpaka uzeeni. Mwaka 2017 aliuza picha moja mashuhuri aliyokuwa nayo nyumbani, kazi ya mchoraji Roy Lichtenstein, kwa dola milioni 165. Milioni 100 katika hizo alizitoa kuanzisha mfuko wa kupunguza wingi wa watu waliofungwa magerezani Marekani. Habari hiyo ni somo jingine, lakini nimeitaja ili mjue alikuwa mtu wa namna gani. Alifariki mwezi wa Septemba 2025, mwenye umri wa miaka 87. Shirika alilolianzisha kwa shule 3 lilikuwa karibu kutimiza miaka 50.

Iko desturi moja iliyokuja kufanyika New York. Michoro ya watoto wa shule za serikali, iliyochaguliwa kutoka sehemu zote za mji, huonyeshwa katika Jumba la Metropolitan, mojawapo ya majumba makubwa kabisa ya sanaa duniani, na shirika hili ni mmoja wa washiriki. Wazazi huja na nguo zao nzuri, na miongoni mwao wamo wahamiaji ambao hawajapata kuingia humo kabla ya siku ile. Humkuta mtoto wao amesimama karibu na picha yenye jina lake, na mlinzi wa jumba akiwaomba watu wasiiguse.

Waalimu wa madarasa, redio itakapozimwa someni tena sehemu ya hesabu, kisha mzungumze swali moja. Tuseme ninyi ni kamati ya shule, mwaka ni 1975, mna waalimu 12 na fedha za kuwalipa 10. Mmoja wa wale 12 ni mwalimu wa kuchora. Mtafanya nini, na mtawaambia nini wazazi? Andikeni jibu lenu kwa mistari 5 au 6. Kwaherini, mpaka wiki ijayo.